Makumbi ya Paje na Lango la Bakteria

Paje ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, katika ile nchi ya mawe iitwayo uwanda, ambako mikarafuu haikukubali kusitawi kama ilivyositawi upande wa magharibi, na ambako watu, tangu zama ambazo hapana aliyeziandika, wametafuta riziki yao baina ya bahari na mnazi. Mbele ya kijiji kuna maji ya ndani yaliyokingwa na mwamba, nayo yanapokupwa wakati wa bamvua huacha wazi mchanga mweupe wa masafa marefu. Na juu ya mchanga huo wanawake wa Paje, kama wenzao wa Bwejuu na Jambiani, wameendesha kazi ambayo, kwa maoni yangu, haijapata kuandikiwa tarikhi kwa heshima inayostahiki, nayo ni kazi ya makumbi.

Nazi ikishafuliwa, kumbi lake halikutupwa. Lilichukuliwa pwani likafukiwa pamoja na mengine katika shimo mahali ambapo maji hujaa na kupwa kila siku, likafunikwa kwa mchanga na mawe lisichukuliwe na mkondo, likaachwa humo miezi kadhaa. Lilipofukuliwa lilikuwa jeusi, lenye harufu kali, na nyama yake imelegea. Ndipo lilipopigwa kwa mti mpaka nyuzi zikaachana na takataka zake, ukapatikana usumba, ukaoshwa, ukaanikwa, ukasokotwa kamba kwa viganja vya mikono. Kamba hizo zilifunga boriti na fito za nyumba, zilitanda vitanda, zilishikilia vyombo baharini, na katika zama za mitepe ndizo zilizoshona ubao kwa ubao pasipo msumari hata mmoja. Kitabu cha baharia wa Kiyunani, kilichoandikwa katika karne ya kwanza ya miladi, kinataja mashua za kushonwa katika pwani yetu. Kwa hiyo aliyedhani kuwa kazi ya makumbi ni jambo dogo la wanawake wa shamba na afikiri tena, kwani biashara ya bahari hii, kwa karne nyingi, ilifungwa kwa uzi.

Lakini ni nani hasa aliyefanya kazi ndani ya shimo, wakati mwenyewe amekwenda zake nyumbani? Nyuzi za kumbi hushikamanishwa na vitu kadhaa, na kimojawapo ni pektini, gundi ya mimea. Bakteria wa maji na mchanga huipenda gundi hiyo kwa chakula, ila ni kubwa mno kuingia katika miili yao. Hivyo huwalazimu kutoa nje vimeng'enya, yaani protini za kumeng'enya, viikatekate huko huko ilipo. Hapa pana tatizo kubwa. Bakteria wa makundi mengi wamezungukwa na tando mbili, moja ndani ya nyingine, na protini iliyokwisha kunjwa katika umbo lake ni nene kuliko matundu ya kawaida ya utando wa nje. (Wako wengine wenye utando mmoja tu, ambao hawana haja ya hila ninayotaka kuieleza, nao pia hushiriki katika kuozesha makumbi.) Wale wa tando mbili aghalabu wamejaaliwa lango mahsusi, lililojengwa kwa protini za namna 12 hivi: pete pana katika utando wa nje, mtambo wa kutoa nguvu upande wa ndani, na baina yao kijiti kinachorefuka na kusukuma mzigo mpaka ukatoka.

Lango hilo lilianza kujulikana Paris katika miaka ya 1980, wakati Anthony Pugsley na wenzake wa Taasisi ya Pasteur walipokuwa wakichunguza bakteria aitwaye Klebsiella, atoaye kimeng'enya cha kukata wanga. Wataalamu waliokuja baada yao walilikuta tena katika bakteria wanaoozesha viazi na mboga, ambao hulitumia kutoa vimeng'enya vya pektini, wakaliita mfumo wa pili wa utoaji protini. Ipo mifumo mingine, mmoja mfano wa sindano, wautumiao bakteria wa kuhara damu kuchoma chembe za matumbo yetu. Lakini tarikhi ya Unguja inafungamana zaidi na huu wa pili, na sababu yake ni ya huzuni.

Tabibu Mskoti, James Christie, alikuwa akitibu watu wa Unguja wakati kipindupindu kilipoushambulia mji mwaka 1869 na 1870. Hakuridhika kuhesabu maiti tu. Aliwauliza wafanyabiashara, mahujaji na wakuu wa misafara njia walizopita na walichokiona, akakusanya habari za mawimbi manne, la 1821, la 1836 na 1837, la 1858 na 1859, na hilo alilolishuhudia mwenyewe, ambalo aliweza kulifuata kutoka Arabuni, kupita Uhabeshi na nchi ya Wamasai, hadi Pangani na hatimaye Unguja. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876, nami nakihesabu miongoni mwa kazi bora za tarikhi ya pwani hii, kwa kuwa kimejengwa juu ya ushahidi wa wenyeji. Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta mjini kwa mabomba maji safi ya Chemchem, na hakuna amali yake nyingine, hata jumba la Beit al-Ajaib, ninayoiona kuwa na fadhila kubwa zaidi.

Christie hakujua kilichokuwa kikiua. Mwaka 1884 Robert Koch alimtambulisha bakteria wa kipindupindu, akadhani kuwa anatoa sumu. Lakini ilipita miaka 75 kabla S. N. De wa Calcutta kuithibitisha sumu hiyo, mwaka 1959, kwa maji ambayo bakteria walikwisha chujwa. Sumu yenyewe ni protini ya sehemu mbili: sehemu B, yenye vipande vitano, hushika ukuta wa utumbo, na sehemu A huingia ndani na kuziamrisha chembe zimwage maji mpaka mgonjwa akauke. Na katika miaka ya 1990 Maria Sandkvist na wenzake walionyesha njia inayoitoa sumu hiyo nje ya bakteria. Ni lango lile lile la mfumo wa pili.

Jambo hili lastahili kuzingatiwa sana. Bakteria wa kipindupindu ni mkaazi wa bahari na vinywa vya mito kabla ya kuwa adui wa binadamu. Huishi juu ya magamba ya vijidudu vya majini, na kwa lango hilo hilo hutoa kimeng'enya cha kuyala magamba hayo. Wengi wa kabila lake hawana sumu kabisa. Waldor na Mekalanos walionyesha mwaka 1996 kwamba jeni za sumu huletwa na kirusi kinachoingia katika bakteria, na baadaye ikagunduliwa kuwa hata kirusi hicho hutoka kwa kupitia pete ya lango lile. Kwa hiyo chombo kilichoumbwa kwa ajili ya kutafuta chakula ndicho kilichopakiwa mauti.

Tangu 1989, kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani, wanawake wengi wamehamishia nguvu zao kwenye mwani, na mashimo ya makumbi yamepungua. Kipindupindu nacho kilikuwa kimerudi Zanzibar mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, kikaendelea kuzuka mara kwa mara. Mwanzoni mwa mwaka 2009 watu wa Unguja na Pemba, katika sehemu sita zilizochaguliwa, walipewa chanjo ya kunywa, na matokeo yaliyotangazwa 2012 yalionyesha kuwa iliwakinga waliokunywa kwa kiasi cha asilimia 79. Ndani ya chanjo ile mlikuwa na bakteria waliouawa pamoja na sehemu B ya sumu, isiyodhuru peke yake. Na sehemu hiyo hutengenezwa na bakteria wa kipindupindu mwenyewe, aliyenyang'anywa jeni ya sehemu A, akaachiwa lango lake, naye huitoa protini katika maji anamofugwa, ikakusanywa humo.