Rabi wa Mbale na Mazungumzo ya Baada ya Tarawehe

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, tulikaa nje ya msikiti hapa Isiolo tukinywa uji, na mazungumzo yakafika Palestina kama kawaida. Kijana mmoja akasema, "Myahudi haijui haki ya mtu." Sote tukaitikia. Mimi pia niliitikia, wallahi. Halafu nikakumbuka habari za Mbale nilizozisoma chuo kikuu, nikaona haya.

Mbale si mbali. Ukivuka Malaba umeingia Uganda, na mji wenyewe uko chini ya Mlima Elgon. Huko wapo Waafrika kama mimi na wewe wanaoitwa Abayudaya. Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, alikosana nao, akashikamana na Taurati, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki 1928, wafuasi wake wakaendelea na dini hiyo.

Sasa hapa pana uchungu. Idi Amin alitwaa madaraka 1971, na katika utawala wake akaipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yakafungwa. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu, wachache wakawa wanasali kwa siri, na alipong'olewa 1979 walikuwa wamebaki kama 300 tu. Na Amin alikuwa Muislamu, jamani. Tusiliruke hili. Ukifungua Surat al-Hajj, aya ya 40, utakuta masinagogi yametajwa pamoja na makanisa na misikiti, katika nyumba za ibada zinazostahili kukingwa zisibomolewe. Basi aliyeyafunga yale ya Mbale alifuata kitabu gani?

Hebu tazama walivyofanya walipopata nafasi. Vijana wao walirudi kwenye kilima cha Nabugoye wakaihuisha jamii yao. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani akawa rabi mwaka 2008. Shule zao zinapokea watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na kituo cha afya walichofungua Mbale mwaka 2010 hakiulizi mgonjwa dini yake. Mwaka 2016 rabi huyo akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, kwa upande wa upinzani, akakaa bungeni hadi 2021. Mayahudi pale ni wachache mno, hawawezi kumchagua mtu peke yao. Waliompa kura ni Wakristo na Waislamu.

Mwenzake J.J. Keki, ambaye si rabi ila ni kiongozi wao, alikuwa New York siku ile ya Septemba 11, 2001. Aliporudi aliwaendea majirani nyumba kwa nyumba, na mwaka 2004 wakaunda ushirika wa kahawa wa dini zote tatu. Wakauita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Nilipoyasema haya pale nje, yule kijana akanijibu, "Hao ni wa Uganda. Na wa kule kwenyewe?" Swali zuri. Kule kwenyewe, mwaka 1988, wakati wa Intifada ya kwanza, marabi waliunda jumuiya ya kutetea haki za binadamu. Msimu wa kuvuna mizeituni huenda kusimama na wakulima wa Kipalestina ili walowezi wasiwapige. Walishirikiana na vijiji kwenda mahakamani, na mwaka 2006 mahakama kuu ya Israel ikaamua kwamba jeshi lina wajibu wa kuwalinda wakulima hao wafike mashambani mwao. Rabi wao mmoja, Arik Ascherman, alishtakiwa kwa kusimama mbele ya matingatinga yaliyokuja kubomoa nyumba za Wapalestina. Dhulma haijaisha kwa hayo, sisemi hivyo. Na ni wachache, nakubali, tena kwao wenyewe huitwa wasaliti.

Mzee mmoja alikuwa akitusikiliza tu, tasbihi mkononi. Huyu aliiona Daaba kwa macho yake, miaka ile ya shifta, watu wa Waso walipofungiwa kambini Garba Tula na mifugo yao ikateketea, kisha sheria ya 1970 ikawazibia njia ya mahakama. Akauliza taratibu, "Na sisi wakati ule, nani wa dini nyingine alikuja kutusemea?"

Hakuna aliyemjibu. Akaendelea kutusimulia mpaka karibu na daku.