Utunzaji wa programu huria

Utunzaji wa programu huria ni kazi ya kurekebisha, kuboresha na kulinda programu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Kazi hiyo huendelea kwa muda wote programu inapotumika. Mara nyingi hufanywa na watu wa nchi mbalimbali wanaowasiliana kwa intaneti, baadhi yao wakilipwa na wengine wakijitolea.

Aina za utunzaji

Programu haichakai kama kiatu au tairi, lakini mazingira yake hubadilika: mashine mpya hutoka, sheria hurekebishwa na watumiaji huwa na mahitaji mapya. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani E. Burton Swanson aligawa utunzaji katika aina tatu:

- kusahihisha: kuondoa makosa yaliyogunduliwa;
- kulinganisha: kuifanya programu iendane na mazingira mapya;
- kuboresha: kuongeza uwezo, kasi au urahisi wa kutumia.

Mwaka 1980 Swanson na Bennet Lientz walichapisha matokeo ya uchunguzi wa taasisi 487. Ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya utunzaji ilikuwa ya kuboresha, wakati kusahihisha makosa kulichukua takriban sehemu moja ya tano tu.

Historia ya utafiti

Meir Lehman na László Bélády walichunguza matoleo ya OS/360, mfumo endeshi wa kampuni ya IBM. Kuanzia mwaka 1974 Lehman alieleza kanuni zinazojulikana kama Sheria za Lehman. Ya kwanza inasema kwamba programu inayotumika katika shughuli za watu ni lazima ibadilishwe daima, la sivyo manufaa yake hupungua. Ya pili inasema kwamba kila inapobadilishwa huzidi kuwa tata, isipokuwa ifanyike kazi ya makusudi ya kuirahisisha.

Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo huohuo, alichapisha kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wapya wanahitaji kufundishwa, na mawasiliano huongezeka upesi: watu 5 wana jozi 10 za kuwasiliana, lakini watu 10 wana jozi 45.

Mgawanyo wa kazi

Programu huria zilionekana kupinga kanuni ya Brooks, kwa kuwa zinashirikisha mamia ya watu. Audris Mockus, Roy Fielding na James Herbsleb walichunguza jambo hilo katika seva ya Apache, na mwaka 2000 walitoa matokeo yao. Waliona kwamba watu 15 tu waliandika zaidi ya asilimia 80 ya msimbo mpya. Kundi kubwa zaidi lilisaidia kusahihisha makosa, na watu wapatao 3,000 walitoa taarifa za hitilafu. Hivyo waandishi wakuu walibaki wachache, na wingi wa watu ulisaidia hasa katika kugundua matatizo.

Uhakiki wa msimbo

Uhakiki ni desturi ya mtu mwingine kusoma mabadiliko kabla hayajaingizwa katika programu. Michael Fagan wa IBM aliueleza utaratibu wake rasmi mwaka 1976. Siku hizi hufanyika zaidi kwa njia ya mtandao. Mwaka 2013 Alberto Bacchelli na Christian Bird walichunguza uhakiki katika kampuni ya Microsoft. Wahusika walitarajia hasa kukamata makosa, lakini faida nyingine zilikuwa kubwa pia, hasa kusambaza ujuzi na kuelewana ndani ya kikundi.

Hatari ya kutegemea wachache

Watafiti hupima idadi ndogo kabisa ya watu ambao wakiondoka mradi utakwama. Utafiti wa mwaka 2016 kuhusu miradi 133 maarufu ulikadiria kwamba katika asilimia 65 idadi hiyo haikuzidi watu wawili.

Madhara yake yameonekana. Mwezi wa Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa miaka miwili bila kutambuliwa, na wakati huo mradi ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi kwa muda wote.

Mwezi wa Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri katika XZ Utils, baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan. Alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa na kupewa madaraka ya utunzaji. Mtunzaji wa awali alikuwa akijitolea, tena karibu peke yake.

Katika Afrika ya Mashariki

OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, na ilianza kutumika huko mwaka 2006. Katika programu za aina hiyo utunzaji unagusa uhai: kliniki inayotegemea kumbukumbu za kompyuta inahitaji watu wa kuzirekebisha zinapoharibika, hata baada ya wale walioanzisha mradi kuondoka.