Upendeleo fiche wa rangi

Upendeleo fiche wa rangi ni tabia ya kumthamini mtu, au kumtilia shaka, kwa sababu ya rangi yake bila mwenyewe kujua kwamba anafanya hivyo. Anaweza kuwa nao hata mtu anayeuchukia ubaguzi kwa dhati, na hata yule anayebaguliwa. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Walipoulizwa yupi ni mzuri, wengi walimwonyesha mweupe. Hakuna mtoto wa miaka 5 anayekaa chini akaamua kujidharau. Amelelewa katikati ya dharau, imemwingia.

Jaribio linalotumika sana leo kuupima upendeleo huo lilitangazwa mwaka 1998 na mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake. Mtu hukaa mbele ya kompyuta akibonyeza vitufe viwili kuainisha sura za weusi na weupe, pamoja na maneno mema na mabaya. Hupimwa kasi yake: je, huchelewa pale sura nyeusi na maneno mema yanapowekewa kitufe kimoja? Jaribio hilo linafumbua macho, lakini lisigeuzwe hukumu, kwani mtu akilirudia huweza kupata jibu tofauti, na halibashiri vizuri atakavyotenda.

Ushahidi mzito zaidi umo katika matendo. Watafiti Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi ya kazi ya kubuni yapatayo 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakatoa matokeo mwaka 2004. Majina yaligawanywa kwa bahati nasibu: huku Emily na Greg, kule Lakisha na Jamal. Wenye majina ya kizungu waliitwa mara 1 katika kila maombi 10 hivi. Wenye majina ya weusi, mara 1 katika 15. Haijulikani ni waajiri wangapi kati yao walikusudia. Lakini aliyenyimwa nafasi hasara yake ni ile ile.

Kwa hiyo anayetaka kujitambua asiulize moyo wake tu, maana utamjibu kuwa ni safi. Mwajiri na apitie orodha ya aliowaita na aliowaacha. Mwalimu, daftari la adhabu. Kisha maombi yajayo yasomwe majina yakiwa yamefichwa, na vigezo viandikwe kabla ya kufungua bahasha ya kwanza.