Sauti ya kirangozi na masikio ya wageni

Mwaka 1860 Richard Burton alichapisha London kitabu cha juzuu mbili juu ya safari yake ya kutafuta maziwa makuu. Alifika Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo tunapahesabu kuwa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, akiwa na John Speke, na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir akawapokea kwa ukarimu mkubwa. Kitabu hicho kina mengi yenye thamani kwa mwanahistoria: bei za pembe, majina ya vituo, desturi za misafara. Kina pia hukumu juu ya uimbaji wa watu wa njia ile, na hukumu hiyo ni kali. Burton anasema Mwafrika wa mashariki anapenda kuimba ila hana wimbo wenye mizani; hutunga maneno machache papo kwa papo, akayarudia mpaka msikilizaji atapike, kisha huyavuta maneno hayo na kuyamalizia puani.

Mwandishi huyohuyo anakiri kwamba mvuvi huimba akipiga kasia, mpagazi akitembea na mama akisaga nafaka, na kwamba usiku watu huketi duara wakirudia wimbo mmoja kwa saa nyingi pasipo kuchoka. Sauti ni ile ile. Mgeni mmoja anaona kero, wenyeji wengi wanaona raha. Mabishano juu ya sauti nzuri ni ipi, inyooke au itetemeke, itoke kifuani au puani, hayakuisha siku Burton alipoondoka Unyanyembe. Yameifuata njia ya misafara mpaka enzi ya reli, kanisa, redio na jukwaa la Ulaya.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo msafara ulipita Mpwapwa, ukaingia Ugogo ambako watawala wa huko walidai hongo, ukafika Unyanyembe, na wengine wakaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu, mara nyingine zaidi ya elfu, na kwa kuwa njia ilikuwa kijia chembamba, walitembea mmoja nyuma ya mwingine. Mbele kabisa alikuwa kirangozi, kiongozi wa wapagazi, akiwa na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar. Kulikuwa na ngoma na barugumu la pembe ya mnyama. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hii kuliko watu wengine wote wa bara, na kijana wa Kinyamwezi aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa bado hajakomaa.

Sasa fikiria wimbo katika hali hiyo. Kiongozi anaanzisha, wafuasi wanaitikia, na wa mwisho yuko mbali sana na wa kwanza. Sauti nyororo ingefia kwa mtu wa kumi. Inayofika nyuma ni sauti kali, nyembamba, iliyobanwa kidogo kuelekea puani, na neno la mwisho lazima livutwe ili wa nyuma wajue zamu yao ya kuitikia imefika. Kurudiarudia nako kulikuwa na kazi yake: mstari unaorudiwa unashika hatua, na hatua ikishikwa mzigo unavumilika. Yale matatu yaliyomchukiza Burton, yaani kurudia, kuvuta na kuimbia puani, ndiyo hasa yaliyoufanya wimbo ule ufae kazi yake. Alikuwa amepanda punda au amebebwa kwenye machela sehemu kubwa ya njia, kwa maradhi, na mgongo wake haukujua frasila mbili.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Ulaya yenyewe ilikuwa na waimbaji wenye tatizo kama la kirangozi. Mwimbaji wa opera wa sauti ya juu ya kiume, ile ambayo wanakwaya wetu wanaiita sauti ya tatu au teno, husimama mbele ya okestra ya watu wengi na kuimba bila kipaza sauti. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza anavyoweza. Nguvu kubwa ya okestra iko chini, karibu na hezi 500. Mwimbaji aliyefundishwa hukusanya nguvu ya sauti yake karibu na hezi 3,000, mahali ambapo vyombo ni dhaifu na sikio la binadamu ni jepesi. Hapo sauti moja hupenya katikati ya vyombo vyote. Kwa hiyo ukali ambao Mzungu aliusifu katika ukumbi wa Milano, aliulaani katika njia ya Unyanyembe. Nasema hivi bila chuki: sikio hulelewa, na la Burton lililelewa kwingine.

Na hata huko kwao hawakuafikiana. Mwaka uleule kitabu cha Burton kilipotoka, mjini Napoli alizaliwa Fernando De Lucia, aliyekuja kuwa mmoja wa matenori mashuhuri wa Italia. Mwaka 1891 alikuwa wa kwanza kuigiza nafasi ya Fritz katika opera ya Mascagni iitwayo L'amico Fritz. Sauti yake ilitetemeka kwa kasi, na kwa wasikilizaji wa Napoli mtetemo huo ulikuwa moyo wa uimbaji wake. Alipovuka kwenda London, kisha New York katika msimu wa 1893 hadi 1894, wahakiki walilalamikia mtetemo huohuo. Tunaweza kuusikia hata leo, kwa kuwa alirekodiwa kuanzia mwaka 1902. Baadaye, mwaka 1932, Carl Seashore wa Chuo Kikuu cha Iowa alitoa kitabu cha vipimo vya mtetemo wa sauti, na akaonyesha kwamba karibu waimbaji wote bora wa zama zake walitetemesha sauti mara sita au saba hivi kwa sekunde, hata pale ambapo msikilizaji aliamini anasikia sauti iliyonyooka. Yaani watu wawili wanaweza kubishana ukumbini, mmoja akisema mwimbaji anatetemeka mno na mwingine akisema hatetemeki kabisa, na wote wakawa wamesikia kitu kimoja.

Nasi tusijidanganye kwamba wenyeji wa magharibi ya Tanzania walikuwa na kauli moja. Jirani wa kaskazini wa Wanyamwezi, Wasukuma, walifanya mabishano haya kuwa sherehe. Vyama vyao viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na ushindani wa mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Hakuna jopo la waamuzi. Watazamaji wenyewe huhamia upande unaowavutia, na upande uliokusanya umati mkubwa ndio ulioshinda. Waimbaji walitafuta dawa za kuvuta watu, na aliyeshindwa aliweza kudai kwamba amerogwa sauti. Kwangu mimi huo ni uhakiki wa sanaa wa hali ya juu: mtu anatoa hukumu kwa miguu yake, mbele ya wote, na anaweza kuibadili kabla jua halijazama.

Kanisa lilileta hukumu ya aina nyingine. Mapadri Weupe wa kwanza walipita njia ileile ya Bagamoyo mwaka 1878 wakiwa na wapagazi, na bila shaka walizisikia nyimbo zao kwa wiki nyingi. Mwaka 1903, tarehe 22 Novemba, Papa Pius wa Kumi alitoa waraka wa muziki wa ibada. Shabaha yake ilikuwa Italia, ambako nyimbo za misa zilikuwa zimeanza kufanana na za jumba la opera, na waimbaji kuonyesha makoo yao altareni. Waraka ulirudisha wimbo wa Gregori, wenye sauti iliyonyooka na isiyo na madoido. Ulikataza kinanda cha piano, na pamoja nacho ngoma na matoazi. Uliwaondoa pia wanawake katika kwaya, sauti za juu zikaachiwa wavulana.

Sheria iliyotungwa kuwanyamazisha matenori wa Italia ikashuka hadi Unyanyembe, ambako hakuna aliyewahi kusikia opera, na ikawanyamazisha wapiga ngoma. Pale Kipalapala, nje kidogo ya Tabora, seminari iliyoanza mwaka 1925 ililea vizazi vya mapadri kwa wimbo wa Kilatini. Walijifunza kuimba vizuri sana kwa kipimo hicho, na uzuri wa wimbo wa Gregori siukani. Ila mvulana aliyeingia na sauti ya babu yake mpagazi aliambiwa airekebishe. Upande wa Urambo, kituo ambacho Waingereza wa London Missionary Society walikiacha kwa Wamoravian mwaka 1898, sauti ilifunzwa kwa njia ya tenzi za sauti nne.

Mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, uliporuhusu muziki wa asili wa kila taifa ibadani. Mwaka huohuo padri wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma ziliingia, na kayamba, na vigelegele. Sauti yenyewe ilichelewa. Mpaka leo ukikaa kwenye mazoezi ya kwaya utamsikia mwalimu akimkaripia mtu wa sauti ya tatu asiimbie puani, na pembeni utamsikia mzee akinong'ona kwamba yule ndiye aliyekuwa akiimba.

Muda mrefu kabla ya Mtaguso huo, reli ilikuwa imekwisha kuua upagazi. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wimbo wa njiani ukabaki bila njia. Nyimbo nyingine zilihamia kwenye mashamba ya katani ya pwani, nyingine kwenye kilimo cha pamoja, nyingine katika beni, ngoma ya kijeshi iliyovuma baada ya Vita Kuu.

Kisha kikaja kipaza sauti, na hicho kilibadili sauti kuliko mmisionari yeyote. Redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Tabora, mji wa bara kabisa, ulijaa bendi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Mwimbaji hakuhitaji tena kupenya msafara. Aliweza kuimba taratibu, kwa sauti nyororo na iliyonyooka, wawili watatu wakikaribiana mbele ya kipaza sauti kimoja, kama ilivyokuwa mtindo ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Shem Karenga, aliyetoka Kigoma na kung'ara na Tabora Jazz, alipoimba "Dada Asha" hakubana pua wala kupasua anga, alibembeleza. Mji uligawanyika kwa bendi, na kila upande ulikuwa na hoja zake juu ya nani anaimba na nani anapiga kelele. Lakini ngoma ya zamani haikufa: Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiari ya Moyo waliipeleka sauti ya Kinyamwezi, ile ya kupenya, hadi kwenye redio ya taifa na sherehe za serikali.

Hitimisho la kesi ya Burton lilitoka Ugogo. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, aliitwa Dar es Salaam miaka ya 1960, kisha akaishi Bagamoyo, penye chuo cha sanaa, mwisho wa njia ile ile waliyopita wapagazi. Sauti yake ilishuka chini kama inanguruma na kupanda juu kabisa ikitetemeka, ikipitia puani, ikirudia mstari mfupi mara nyingi huku zeze na ilimba vikizunguka. Mwaka 1996 kampuni ya Kiingereza, Real World ya Peter Gabriel, ilitoa santuri yake iitwayo Chibite. Wahakiki wa nchi ileile ya Burton walimpamba kwa sifa, na waliyosifu ni yaleyale matatu yaliyomchukiza Burton. Zawose alifariki mwaka 2003.

Nimefurahi kwamba alisifiwa. Ila sikubali kwamba sauti ya Ugogo na Unyanyembe ilikuwa inasubiri kibali cha London ili iwe nzuri. Ilikuwa nzuri mwaka 1857, na waliojua hilo walikuwa wamebeba mizigo.

Kinachonisumbua ni kumbukumbu. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi Wanyamwezi na Wagogo mwaka 1950, na sauti hizo zinatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Kanda za Redio Tanzania ziko kwa TBC, Dar es Salaam. Naiomba TBC izifungue kanda za ngoma za magharibi, na vyuo vyetu viombe nakala za Tracey ziletwe Tabora, zisikilizwe na wajukuu wa walioimba. Na wewe msomaji wa Urambo, Sikonge, Nzega au Uyui, kama nyumbani kwenu yuko mzee anayejua nyimbo za wapagazi, mrekodi kwa simu mwezi huu, uandike jina la wimbo, mahali, na nani alikuwa akianzisha. Usimwambie arekebishe sauti.