Mali kauli: historia ya duka katika Mbulu na Hanang

Historia ya uchumi wa nchi yetu imezoea kuandikwa kutoka bandarini na wizarani. Inaweza pia kuandikwa kutoka kwenye kaunta ya duka dogo, na huko hufichua mambo ambayo nyaraka za serikali huyaacha. Kwa sababu hiyo nilitumia siku nzima ya Julai kutembea kwa miguu mjini Mbulu, duka kwa duka. Julai ya huko ni baridi kweli. Ukungu hukaa juu ya mji hadi asubuhi inapokomaa, wazee hupita wamejifunga mablanketi, na mwenye duka hukupimia sukari akiwa ndani ya koti la mtumba. Mablanketi, mabuti ya mpira na masweta ndiyo yaliyotundikwa mbele. Mimi nilikuwa nikiulizia kitu ambacho hakitundikwi: daftari la madeni.

Karibu kila duka lilikuwa nalo. Mzee mmoja alinifunulia lake, kurasa zimejaa majina na tarakimu, mengine yamepigwa mstari. “Hili ndilo duka, mwalimu,” akaniambia. “Hizi rafu ni mapambo.”

Maneno yake yana msingi. Mkulima wa Mbulu hupata fedha akishavuna. Mfugaji wa Hanang huzipata siku ya mnada, akiuza mbuzi au ng'ombe. Lakini chumvi, sabuni, daftari la mtoto na mafuta ya taa huhitajika mwaka mzima. Pengo hilo huzibwa na mkopo usio na dhamana ila jina la mtu. Wafanyabiashara wetu wana neno lake la zamani: mali kauli, yaani mali inayotolewa kwa neno la mdomo.

Kabla ya duka kulikuwa na mabadilishano. Wairaqw walikuwa na nafaka, Wabarbaig na ndugu zao wa Kidatooga walikuwa na mifugo na ukoo wao wa wahunzi, na mwaka wa njaa upande mmoja uliutegemea mwingine. Aliyetoa leo alijua atalipwa msimu mwingine. Duka lilipofika halikuanzisha deni, lililikuta.

Lililoletwa na ukoloni ni ulazima wa fedha taslimu. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1897, na Waingereza wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Ili alipe kodi, mtu alilazimika kuuza kitu, na mara nyingi aliyenunua alikuwa mwenye duka Mhindi, ambaye pia alimuuzia nguo na majembe. Kisha mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya ofisa wa utawala hakuweza kumdai mahakamani. Ilielezwa kuwa ni ulinzi kwa mwenyeji. Matokeo yake yalikuwa mawili. Mwafrika aliyetaka kufungua duka alipata shida kubwa kupewa bidhaa za jumla kwa mkopo, hivyo mtaji ukabaki mikononi mwa wachache. Na mikopo midogo ya rejareja haikukoma. Iliendelea nje ya sheria, ikilindwa na kuaminiana peke yake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 dola ililitazama duka kwa jicho jingine. Biashara ya jumla ilichukuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye na kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, maduka ya vijiji yachukue nafasi yake. Nia ya kumwondoa mnyonyaji ilieleweka, na sitaki kuidhihaki, kwani wapo wenye maduka waliopunja mizani na kuandika deni mara mbili. Lakini katika mikoa mbalimbali maduka yalifungwa kabla mbadala haujasimama, uhaba ukatokea, na serikali yenyewe ikalazimika kupunguza kasi. Jengo, rafu na kamati vilipatikana. Uhusiano wa miaka mingi wa kukopa na kulipa haukuweza kuhamishwa kwa waraka.

Miaka iliyofuata inakumbukwa na wazazi wetu kwa foleni na bidhaa za magendo. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwafanya watu wafiche bidhaa, na wengine wazitupe. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa tena. Daftari nalo likarudi hadharani.

Suala hili bado ni hai. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliteremka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, na maduka mengi yalizikwa pamoja na bidhaa zake. Katika maafa ya aina hiyo ofisa anaweza kuhesabu nyumba zilizobomoka na magunia yaliyoharibika. Daftari lililosombwa halina safu yake katika fomu ya tathmini, ingawa ndani yake mlikuwa na mtaji wa mwenye duka na chakula cha jirani zake hadi mavuno.

Wakati huohuo mikopo ya aina nyingine imeingia vijijini, ile ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, pamoja na ile ya programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mkopeshaji wa simu hamjui mkopaji wake wala hajui kama mvua imenyesha Dongobesh. Mwenye duka anajua vyote viwili, ndiyo maana anaweza kusubiri.

Kwa wanafunzi wangu na kwa watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa, pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kuhamisha soko, kubomoa vibanda vya barabarani au kupanga tozo mpya, ulizeni nani anamdai nani, na hadi lini. Maswali hayo hayagharimu bajeti. Miaka mia moja ya amri zilizotolewa bila kuyauliza imetuonyesha gharama yake, na mara nyingi aliyeilipa ni yule aliyekuwa akikopa chumvi.