Spondilodisitisi Tuiiteje?

Daktari wa Gitega au Muyinga, Burundi, humwandikia mgonjwa wa spondilodisitisi cheti kwa Kifaransa. Nyumbani mgonjwa atajieleza kwa Kirundi, na kwa wafanyabiashara wenzake wanaovuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania, kwa Kiswahili. Hapo ndipo neno linapompiga chenga. Akisema ana "maambukizi ya uti wa mgongo", wengi watadhani ni homa ya uti wa mgongo, ugonjwa wa utando wa ubongo unaoweza kuua kwa siku chache. Wake umekaa mfupani, nao hula polepole, wiki kwa wiki. Homa yenyewe pengine hana.

Spondilodisitisi imeundwa kwa maneno ya Kigiriki: pingili ya mgongo, na diski, kile kisahani laini kinachokaa kati ya pingili na pingili. Pingili tunayo, ile ile ya muwa. Basi tuseme "maambukizi ya pingili za mgongo". Aliyewahi kumenya muwa ataelewa kidudu kimejificha wapi.

Afrika Mashariki mshukiwa wa kwanza ni kifua kikuu. Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza kibiongo kinacholetwa na kifua kikuu cha mgongo mwaka 1779, ndiyo maana Kifaransa husema "mal de Pott". Wako washukiwa wa nadra zaidi, nao pia ni bakteria: brusela ya maziwa mabichi, salmonela kwa wenye selimundu, nokadia ya udongoni kwa wenye kinga dhaifu.

Nasema "kinga dhaifu" kwa makusudi. Ukitaja "upungufu wa kinga", msikilizaji ameshafika kwenye Ukimwi, ilhali kisukari, utapiamlo na dawa za saratani nazo hudhoofisha kinga.

Utamtambuaje? Mwombe mgonjwa aokote ufunguo sakafuni. Hainami, huchuchumaa, mgongo wima kama wa aliyejitwika mtungi. Daktari akizigonga pingili moja moja kwa ncha ya kidole, ipo itakayomshtua mgonjwa. Muda wa dawa hutegemea chanzo: bakteria wa kawaida hutibiwa kwa wiki 6 hivi, brusela miezi 3 au zaidi, kifua kikuu miezi 6 hadi 12. Mgonjwa akicheleweshwa, usaha unaweza kukandamiza ugwe wa mgongo na miguu ikapooza.

Ndugu msomaji, mwenye kinga dhaifu akiwa na maumivu ya mgongo yasiyotulia hata usiku akiwa amelala, mpeleke hospitali mapema, na amwoneshe daktari pingili inayouma.