Sema Kwanza, Kisha Andika: Desturi ya Kuketi na Mwanafunzi Hapa Lubunga

Tukisema mila, wengi wanawaza mara moja ngoma, lilwa ya Wambole, mambo ya ndoa, ama mitego ya Wagenya pale kwenye maporomoko. Mambo hayo yote yana nafasi yao katika kitabu hiki kidogo. Lakini sisi tumeomba kurasa chache juu ya desturi nyingine, ambayo umri wake ni mdogo: ile ya mtu mmoja kuketi na mwanafunzi mmoja wa iniversite, mbele ya karatasi moja, mpaka maneno yanyooke.

Msomaji anajua namna Lubunga ilivyo. Sisi ni watu wa ukingo wa kushoto. Huku kuna reli ya kwenda Ubundu, kilometa 125, iliyomalizika mwaka 1906. Iniversite iko ng'ambo ya pili, Makiso, na daraja juu ya muto hakuna. Mwana wa Lubunga akitaka masomo ya juu, anavuka asubuhi na pirogi, anarudi jioni na pirogi. Ndiyo sababu msaada wa kuandika, kwa sehemu kubwa, aliupata huku nyumbani, usiku, kwa taa ya petroli, kwa mtu wa mtaa ambaye alisoma mbele yake.

Iniversite ilifika mwaka 1963, wakati mji ulikuwa unaitwa bado Stanleyville. Waprotestanti ndio walioanzisha Iniversite Huria ya Kongo. Haikupata hata mwaka mzima wa utulivu: mwezi wa Agosti 1964 Wasimba walishika mji, na iniversite ikalazimika kuhamia Léopoldville kwa muda. Mwaka 1971 serikali iliunganisha iniversite zote tatu za inchi kuwa moja, UNAZA, na Kisangani ikapewa, kati ya mengine, masomo ya saikolojia na ya elimu. Mwaka 1981 kila moja ikarudia kujitegemea, na yetu ikawa Iniversite ya Kisangani.

Pamoja na iniversite ile ilikuja kawaida ya Wabelgiji. Mwanafunzi wa graduat, baada ya miaka 3, aliandika TFC. Wa lisansi, miaka 2 mbele, aliandika memwari. Kila mmoja alikuwa na direktere, yaani profesere mwenye kutia jina lake kwenye jalada, na chini yake ankadrere, mara nyingi asistanti, mwenye kusoma kila sura na biki nyekundu. Kwa sheria, hao wawili walitosha. Kule Oxford, Uingereza, desturi ya namna hiyo ni ya zamani: mwanafunzi anapeleka insha yake kwa mwalimu wake kila juma, zamani aliisoma kwa sauti, na wanaibishania wawili ao watatu tu. Lakini mwanafunzi wa Oxford anaandika kwa luga ambayo anaitumia hata sokoni. Wetu anawaza kwa Kiswahili, ao Kilingala, ao Kimbole, halafu anatakiwa kuandika Kifaransa cha iniversite.

Hapo ndipo kazi ya wazee wa Lubunga ilipoanzia. Walikuwa walimu wa sekondari, makarani wa reli, wanafunzi wa zamani wa kampisi. Hakuna aliyewapa cheo. Tuliwaita Papa, ao Yaya kama umri haukupitana sana, na basi.

Mmoja wetu anakumbuka bado usiku wake wa kwanza, kama 1986. Alikuwa anaandika juu ya wamama wachuuzi wa soko. Sentensi yake ya kwanza ilijaza mistari 6, na ndani yake mlikuwa maneno yote makubwa aliyoyasikia darasani. Papa aliisoma mara mbili, akaweka karatasi chini.

«Unataka kusema nini hapa?»

«Papa, ni mazingira ya kijamii na kiuchumi...»

«Acha Kifaransa. Uniambie na Kiswahili, sawa vile unaambia mama yako.»

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: wamama wanavusha mihogo kila siku, lakini kisha kulipa pirogi na ushuru, wanaporudi jioni mukononi hamna kitu. Papa akamupa biki. «Njo hiyo. Andika hiyo na Kifaransa. Yale mengine uliyaazima.»

Waliketi saa tatu juu ya ukurasa mmoja. Papa hakuandika neno hata moja kwa mkono wake. Biki ilibaki kwa kijana. Alipokosea Kifaransa, mzee alipiga kidole pale palipokosewa na kungoja. Ni kazi ya taratibu, inayochosha. Malipo? Sukari kilo moja, samaki, ao kumpigia mzee maji kisimani. Feza ilikuwa haba, na kuitaja ilikuwa karibu haya.

Tusifikiri kwamba wazee wetu walikuwa peke yao katika wazo hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980 aliishi Kisangani mwalimu Benoît Verhaegen, Mbelgiji, aliyeongoza kituo cha uchunguzi CRIDE kwenye kampisi. Alifundisha kile alichokiita historia ya papo hapo: mchunguzi anakwenda kwa watu wenye kuishi jambo, anawasikiliza, anaandika pamoja nao. Mwaka 1975 kilitoka chini ya uongozi wake kitabu juu ya wakaaji wa Kisangani tangu 1876 hadi 1976. Kwa mafundisho ya namna hiyo, maneno ya mama wa soko yaliweza kuingia mu memwari bila aibu. Mzee wa Lubunga na profesere wa kampisi, bila kujuana, walivuta kamba moja.

Kisha yakaja mambo ya miaka ya 1990. Feza ilipoteza thamani, mishahara ya walimu ikawa karibu bure, wanafunzi wakaongezeka. Vita ya Siku Sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, ilipiga mji uliokuwa umechoka tayari. Direktere mwenye memwari nyingi mezani hawezi kuketi na kila mtu, na hatumlaumu kwa hilo. Mwenzetu mmoja alitoa sura yake ya kwanza mu mikono ya direktere, akairudishiwa kisha miezi 7, ukurasa wa kwanza tu umesomwa. Mwingine alivuka na maandiko yake yote mu mfuko wa nailoni. Pirogi ikaingia maji, wino ukatoka. Aliandika upya kutoka kichwani, na alifaulu, juu ya yale aliyoyasema kwanza kwa mdomo hayakulowa.

Mahali pa wazee pakashikwa na wengine: vijana wa nyumba za kupiga kompyuta, wenye jenereta nje ya mlango. Kwanza walipiga tu. Kisha walisahihisha. Kisha, tuseme ukweli, wakaanza kuandika wao, kwa bei. Hatutaki kuwatupia mawe wote; wengine ni wahitimu wasio na kazi, na Kifaransa chao ni kizuri. Lakini tuliona siku ya kutetea, mbele ya juri, mtu anaulizwa maana ya neno lililo kwenye jalada la memwari yake, anatazama dari. Jamaa imekuja na maua na vinywaji. Baba yake aliyeuza mbuzi amekaa mstari wa kwanza.

Kati ya kusaidia na kuandikia mtu, mupaka ni mwembamba, na wazee wetu waliulinda kwa jambo dogo tu: nani anashika biki. Sisi tunaona kwamba jambo hilo lilistahili kuandikwa mu kitabu cha mila kama vile mitego ya Wagenya, maana nalo ni ufundi, na wenye kuujua wanapunguka.

Tangu mageuzi ya LMD yaliyoanza na mwaka wa masomo 2021-2022, graduat na lisansi za zamani zinaondoka, na maandiko yanatumwa kwa simu. Papa yule wa 1986 hayupo tena. Lakini kijana wake wa wakati ule anaishi bado mtaani kwetu, naye sasa ndiye Papa. Wanafunzi wanamtumia sura zao usiku kwa WhatsApp. Hazifungui. Anajibu kwa sauti, maneno machache: uvuke kesho, ukuje unielezee.